Mkalimani Amegoma

Mama alikuwa hajatia hata tonge mdomoni, mume wake akaanza.

"Mwambie binti yako anipe chumvi."

Binti alikuwa amekaa ubavuni mwa baba yake, viwiko vinagusana. Lakini binti ni kiziwi, na baba hakujua lugha ya alama. Basi mama akanawa vidole, akasema kwa mikono. Chumvi ikapita.

"Mwambie pia, Jumapili tunakimbia. Nimeshamwandikisha."

Baba alikuwa fundi friji. Alikuwa amepewa fulana ya mbio za hisani, zile za kuchangia masomo ya lugha ya alama pale mtaani. Fulana ilichorwa mikono miwili kifuani. Aliivaa kila siku, hata kazini, na mama kila akiiona, damu inamchemka.

Hata hivyo alimwambia binti. Binti akatikisa kichwa.

"Hataki? Muulize kwa nini."

Binti alijibu huku akimtazama baba yake, si mama.

"Anasema umuulize wewe mwenyewe," mama alisema. "Na mimi nimechoka. Kuanzia leo nimegoma."

"Umegoma nini?"

"Ukalimani! Mimi mke wako, si simu. Siku nikifa, nyinyi wawili mtalia kwa lugha gani?"

Baba alinuna mpaka akaenda kulala.

Asubuhi alijaribu kwa njia yake. Alisimama nyuma ya binti, akapaza sauti: "U-NA-TA-KA CHA-I?" Binti aliendelea kufagia. Mama aling'ata ulimi, maana ulikuwa unamwasha.

Jirani akachungulia dirishani. Alikuwa mwalimu wa lugha ya alama, na wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi.

"Fundi, unagombana na nani?"

"Sigombani! Naongea na mwanangu."

"Kwa kisogo chake? Hata ukileta spika ya mkutano, hasikii. Mguse bega taratibu, au mpungie mkono, akuone. Simama penye mwanga. Usizibe uso. Na ukiongea naye, mtazame yeye, usimtazame mkeo. Halafu tumia mikono. Uso nao usiuache nyuma, maana uso ndio unaouliza."

"Jirani, mimi samaki mkavu. Sikunjiki tena."

"Samaki mkavu hulowekwa. Njoo darasani jioni."

Alikwenda, kwa shingo upande. Akarudi tena kesho yake, na keshokutwa yake. Nyumbani alijifunza mbele ya kioo, akikosea vidole vilevile kila mara. Mama alitamani kumshika mikono amnyooshee. Akajizuia, akaifunga yake ndani ya kanga.

Jumamosi, baba alimgusa binti bega. Akasema kwa mikono, vidole vigumu: wewe, kukimbia, hutaki, kwa nini?

Binti alimkodolea macho. Kisha akajibu haraka haraka. Baba hakuambulia kitu. Akamgeukia mama. Mama akatazama dari.

Basi akarudi kwa binti. Tena, akaomba. Polepole.

Binti akarudia, alama moja moja. Baba akashika kichwa.

"Hapendi kukimbia!" alipiga kelele. "Hajapenda tangu utotoni! Anataka kukaa kwenye meza ya maji, afundishe watu alama. Mimi baba yake, mbona sikujua?"

"Ulimuuliza lini?" mama alisema. Alikuwa na mengine ya kuongeza, lakini aliona macho ya mume wake yamelowa, akayameza maneno yake.

Jumapili baba alikimbia peke yake, na binti akawa mezani. Wakimbiaji walisimama kunywa, akawafundisha: maji, asante, umechoka? Watu walijazana mpaka wengine wakasahau mbio.

Baba alifika mezani miongoni mwa wa mwisho, anahema. Akamwambia binti kwa mikono: nipe maji, nimechoka sana.

Binti alimpa. Kisha akamwambia: Baba, unaongea kama mtu aliyevaa glavu.

Baba alielewa. Akacheka mpaka maji yakampalia, na binti akampiga mgongoni huku naye akicheka. Utani wa namna hiyo, ungepitia kwa mtu wa tatu, ungefika umepoa.

Mama alikuwa amesimama hapo hapo. Hakuna aliyemgeukia. Alifurahi kweli kweli, akaenda zake kutafuta kivuli.