Mandolini Iliyobisha Hodi

Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, kwa hiyo mtu asikudanganye. Rafiki yangu mchomeleaji alirithi mandolini kuukuu ya babu yake, kumbukumbu pekee aliyoachiwa. Shangazi yake akamwambia, "Usipojua imetengenezwa na nani, naipasua iwe kuni." Nikampeleka kwa fundi wa magitaa, maana mimi mafundi wote wananijua.

Fundi alichungulia tunduni, asione jina la mtengenezaji. Akaanza kugonga ubao kwa kidole ili asikie ni mti gani, huku akitania, "Hodi humu. Wenyewe wapo?"

Umeme ukakatika. Gizani humo mandolini ikagongwa kutoka ndani, mara tatu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Rafiki yangu, kwa mazoea tu, akaitika, "Karibu."

"Bwana we," fundi akanong'ona, "umemkaribisha nani?"

Nyuzi zikalia zote kwa pamoja, kisha kimya.

Sasa nisikufiche: umeme haukukatika. Hiyo chumvi nimeitia mimi. Taa ilikuwa inawaka vizuri, sisi tulikuwa watatu, na ukutani vivuli vilikuwa vinne.