Maji Aliyoyakataa Athanas

Uligeuka. Usikatae, uligeuka. Siku ile fundi alipoingia chini ya gari lako akafungua nati ya sampo, oili nyeusi ikaanza kushuka nzito kama uji, wewe ulitoa simu ukaanza kutazama picha za watu. Hukuuliza ile oili inakwenda wapi. Ulisubiri kuambiwa "tayari, bosi," ukapiga stata, ukaondoka na gari jepesi na moyo mwepesi. Mkubwa mwenye kiwanda akichafua maji tunapaza sauti sote, na ni haki yetu. Tukiyachafua wenyewe, kila mtu na galoni yake, tunakohoa kidogo na kubadilisha mazungumzo. Basi kaa usikie habari ya Mokami, na safari hii simu iache mfukoni.

Ilikuwa siku ya soko mjini Tarime. Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika bodaboda, malori ya kutoka Sirari na akina mama wenye ndoo za nyanya, na katikati ya fujo hiyo Probox nyeupe ilikuwa imesimama ikifuka mvuke kama chungu. Mwenye gari alikuwa Mokami, binti wa Kikurya anayenunua ndizi na nyanya kwa wakulima wa Tarime na kuzipeleka Mugumu hadi kambi za watalii upande wa Robanda. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa kiunoni, kilemba chekundu, na raba za kiume miguuni, maana klachi haitaki viatu vya maringo. Alifungua boneti, akazungushia khanga kiganjani, akashika kifuniko cha rejeta.

"We dada! Acha! Acha hapo hapo!"

Mwanaume mmoja aliruka tenga la kuku akamdaka mkono. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi mpaka ina mstari, na kola ya shati jeupe ikichungulia shingoni.

"Niachie mkono. Unanijua?"

"Sikujui, lakini hiyo sura ningependa ibaki ilivyo. Ukifungua sasa, maji yanakurukia yakichemka. Zima gari, lipoe kwanza."

"Nina nyanya humu ndani, kaka. Zitaoza."

"Nyanya utapata nyingine palepale sokoni. Sura kama hiyo haina speya."

Akina mama wa ndoo wakaangua kicheko. Mokami akasonya, lakini alisonya huku amegeuka pembeni, asionekane anacheka.

Walikaa kwenye kivuli cha lori wakisubiri injini ipoe.

"Maji unaongeza lini?" aliuliza yule mwanaume.

"Likichemsha."

"Na oili?"

"Taa ikiwaka."

"Na mtu akikutazama hivi ninavyokutazama, unasubiri taa gani iwake?"

"Ya polisi," alijibu Mokami.

Jina lake Athanas, mzaliwa wa Robanda. Aliwahi kuendesha magari ya watalii kabla ya kufungua gereji yake mwenyewe pale Tarime, juu ya mteremko, mahali pa mabati ya bluu yanayoonekana kutoka mbali. Jioni ile alibadilisha mpira wa rejeta uliopasuka, na namba ya simu ya Mokami akaipata bila hata kuiomba mara ya pili.

Tangu hapo, kila asubuhi simu ililia kabla ya jogoo wa jirani.

"Umepima?"

"Salamu kwanza, Athanas. Mimi si Probox."

"Umeamkaje, kipenzi changu? Haya, umepima?"

"Nimepima. Oili iko kati ya alama mbili, maji yamejaa. Tairi la nyuma kushoto limelegea."

"Lijaze kabla hujapakia. Tairi legevu linakula mafuta, na moshi wa bure tunauvuta sisi. Na usiache gari linanguruma huku unapiga soga na wateja."

"Na moyo wangu huupimi?"

"Huo umezidi alama, mama. Ukiendelea hivyo utapasua gasketi."

Sevisi ya Probox aliifanya kwa mikono yake. Kila akifunga filta mpya aliiandika kwa rangi nyeupe: *M wangu*. Mokami alisubiri mbele, kwenye benchi lenye mto, karibu na maua ya plastiki, akichezea simu. Ndiyo. Na yeye pia.

Nyumbani kwao Mokami ni bondeni chini ya mji, migomba imeshonana mpaka mlango wa jiko. Mama yake, Scholastica, alikuwa analalamika siku hizo kwamba chai ina ladha ya lori. Baba mdogo Mwikwabe alimcheka: "Shemeji, wewe unaona lori kila mahali tangu binti anunue gari." Mokami naye akacheka. Hilo nalo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Siku Athanas alipokwenda kujitambulisha, alivaa suti ya kijivu, viatu vinameta. "Shikamoo, mama. Shikamoo, baba." Aliitikiwa vizuri, akaonyeshwa kiti. Nyumba ile haimpokei mgeni kwa soda. Humpokea kwa maji ya chemchemi iliyo nyuma ya migomba, kwenye kata ya kibuyu, na mgeni hunywa kabla hajataja kilichomleta. Hivyo ndivyo bibi yake Mokami alivyowapokea watu, na mama yake bibi.

Athanas aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Chemchemi yenyewe iko wapi, mama?"

Mama akaonyesha kwa kidevu. Athanas akatazama bondeni, kisha akainua macho polepole juu ya mteremko. Pale juu ya migomba, mabati ya bluu yalikuwa yanawaka jua.

Kata ikaletwa. Akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akaisogeza mdomoni, halafu akaishusha.

"Samahani, mama. Nimeshiba maji."

"Watu hushiba ugali, mwanangu," alisema Scholastica. "Maji ni mafundo mawili tu."

"Nimeshiba, mama."

Mwikwabe alitazama viatu vyake mwenyewe. Scholastica aliichukua kata, akaimwaga kwenye shina la mgomba. Mazungumzo ya ng'ombe wa mahari hayakuanza. Yangeanzaje?

Simu ya jioni ilikuwa fupi.

"Umemdharau mama yangu."

"Mokami, nisikilize."

"Umezoea ya chupa, ya wazungu wako wa kambini. Yetu yananuka umaskini."

"Si hivyo, haki ya Mungu."

"Ni vipi basi? Sema, Athanas, sema."

"Siwezi kulisema kwenye simu."

"Basi usipige tena."

Mokami akalia, akafuta uso, kesho yake akapima oili mwenyewe na kwenda Mugumu. Wanawake wanaofanya biashara hawana likizo ya mapenzi.

Halafu ikanyesha. Mvua ilipokatika Mokami aliteremka na mama yake kuchota. Juu ya maji kulikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, mzuri wa kutazama, na harufu ya shimo la sevisi. Mama alipuliza utando ule pembeni kwa mdomo, akazamisha kata chini yake kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mokami akasimama pale akakumbuka utotoni: kaa wadogo wakikimbia chini ya yale mawe, yeye na wenzake wakipiga kelele na kuinua magauni. Kaa wale waliondoka lini? Nani aliwaaga?

"Mama, acha. Mwaga hayo."

"Niyamwage, nikapikie nini?"

Mokami akavua raba, akaufuata mtaro kupanda juu. Alipita katikati ya migomba, kwenye tope jeusi linalonata vidoleni, mashina yamevaa soksi za grisi. Mtaro ulipanda, ukakata kona, ukaishia kwenye bomba lililotokeza ukutani. Juu ya ukuta, mabati ya bluu. Chini ya bomba kulikuwa na matambara, makopo na filta kuukuu. Akaokota moja, akaifuta kwa kitenge chake. Maandishi meupe yakatokea.

*M wangu.*

Alikaa chini palepale kwenye tope. Oili ya gari lake. Iliyomwagwa na mkono wa mpenzi wake, ikashuka kwenye sufuria ya mama yake.

Saa ambayo gereji hujaa, Mokami alilileta gari lake, akaliegesha likakingama lango lote, akatoa funguo akaziweka kifuani. Honi zikaanza. Mteja mmoja, Sylvester, bwana wa shati la mikono mirefu na gari kubwa jeusi, akashusha kioo.

"Dada, toa hilo kopo, tuna haraka!"

"Oili uliyobadilisha mara ya mwisho iko wapi, kaka?"

"Mimi si fundi. Nitajuaje?"

"Na mama yangu si pipa!" Mokami alijibu. "Lakini ndiye mnayemmwagia!"

Athanas akatoka chini ya pikapu, mikono imejaa grisi. Alipoiona ile filta mkononi mwa Mokami, aliyatambua maandishi yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mvua za mwaka juzi. Niliufuata mtaro, nikaona akina mama wanachota. Nikasema nitachimba shimo, nitajenga. Kazi zikawa nyingi. Sikujua ni kwenu, Mokami. Nilijua pale kwenye kiti, na kata mkononi."

"Ndiyo maana hukunywa."

"Ningekunywaje?"

"Mama yangu anakunywa!" Sauti yake ilizima hata honi. "Siku ile ulijua, ukamrudishia kata, ukaenda zako na suti yako. Amekunywa kesho yake. Amekunywa kila siku mpaka leo. Kwenu Robanda tembo wakila shamba mnalia mpaka redioni, na mna haki. Lakini tembo hajui, Athanas. Wewe ulijua."

Athanas akajifuta grisi mikononi.

"Niliogopa kukupoteza," alisema Athanas.

"Ukaona bora unywe ukimya, mama anywe oili. Ziba hilo bomba."

"Nikiziba, wateja watahamia jirani. Gereji ziko nyingi mteremko huu, zote zina mtaro."

"Sijakuuliza habari za jirani."

Athanas alimtazama, akatazama magari yaliyopanga foleni. Kisha akafungua vifungo vya ovaroli yake, ile ya kupigwa pasi, akaivua mbele ya watu akabaki na kaptura na shati jeupe. Akaiviringisha, akazunguka nyuma ya ukuta, akaisokomeza mdomoni mwa bomba na kuigonga kwa nyundo mpaka ikakaza.

"Leo hakuna sevisi," aliwaambia wateja. "Nendeni, au subirini nipate mapipa."

Sylvester alirudisha gari kinyumenyume. "Kuna gereji zisizo na hotuba," alisema. Wengi wakamfuata.

Ovaroli ikafuatiwa na saruji. Yakaja mapipa yenye vifuniko, na lori la kutoka Mwanza likaanza kuyachukua, oili ikachomwe kwenye matanuru ya viwanda. Mafundi wa jirani walimbandika jina la Mchungaji. Athanas akachukua jembe, akakwangua tope jeusi la mtaro, siku baada ya siku, mgongo unamuuma. Asubuhi, kabla ya kufungua gereji, aliteremsha madumu ya maji ya kisima kirefu mlangoni kwa Scholastica, akasema shikamoo, akaondoka. Kwa Mokami hakupiga. Alikatazwa, akatii.

Ikafika asubuhi moja simu yake ikalia.

"Umepima?" ilisema sauti ya upande wa pili.

Athanas alikaa juu ya tairi. "Sijapima, kipenzi. Nimepungukiwa sana."

"Njoo nyumbani. Usivae suti."

Alikwenda. Scholastica alileta ile kata, akaiweka mbele yake. Ilikuwa tupu.

"Shemeji, sasa ng'ombe tunazungumza lini?" aliuliza Mwikwabe.

"Siku chemchemi itakaponyweka," alijibu Scholastica. "Nitachota mwenyewe, nitampa, atakunywa yote nikimwangalia. Hapo ndipo mtataja ng'ombe."

"Mama, mimi nimeziba bomba langu," alisema Athanas. "Hao wengine juu je?"

"Hao ni wenu nyinyi wawili. Si mna gari?"

Wakaingia kwenye Probox. Kabla ya kuwasha, Athanas alimshika mkono, uleule aliomdaka siku ya soko.

"Utanisubiri?"

"Nitakusubiri. Lakini mimi sisubiri nimekaa, mwanaume. Pandisha kioo, tunaanza na gereji ya kona."

Wapo waliowakubalia na kununua pipa siku hiyohiyo. Wapo waliowamwagia maji ya kuoshea magari miguuni. Bado wanapanda na kushuka mteremko ule, kitenge cha njano na shati jeupe. Kata bado iko tupu juu ya rafu ya Scholastica, imefunikwa kitambaa.

Sasa wewe. Usiseme hadithi nzuri. Harusi hii umeishikilia wewe, na gari lako limeegeshwa hapo nje. Simama. Nenda kwa fundi wako leo, muulize oili yako inakwenda wapi, kisha mwambie akuonyeshe kwa kidole. Akikuonyesha mtaro, chukua funguo zako uondoke, na uwaambie wenzako kwa nini umeondoka. Akikuonyesha pipa, simama hapo mpaka tone la mwisho liingie. Usitoe simu. Usigeuke tena. Inuka!