Asante ya Ragnfrid

Ilianza na harufu tu: sufu iliyolowa na kahawa iliyolala, ikitoka kwenye shimo la mkumbushaji mbele ya jukwaa. Na shimo lilikuwa tupu.

Borghild, mkumbushaji wetu, alikuwa amezikwa wiki ile. Miaka nenda miaka rudi alikaa humo, akimnong'oneza mwigizaji Ragnfrid Tveiterås maneno aliyoyasahau, na aliyasahau mengi, maana kichwa chake kilijaa Ragnfrid peke yake. Binti wa mpasua samaki kutoka visiwani, kaja mjini Bergen, kachezeshwa malkia mara moja, akadhani amesimikwa. Mazishini hakwenda. "Baridi itaniharibia sauti," alisema, na mchana uleule akaonekana hotelini anakula keki ya krimu.

Jioni ya onyesho la kwanza bila Borghild, Ragnfrid alisimama nyuma ya pazia. Akisahau maneno safari hii, nafasi yake ingekwenda kwa mwigizaji mwingine, msichana. Shimoni kukasikika sauti: "Tvi, tvi."

Ndivyo tunavyotakiana heri jukwaani. Unamtemea mwenzako begani bila mate, naye ananyamaza. Hata mfagiaji anajua kwamba hapo hapashukuriwi. Ukishukuru umekaribisha usichokijua. Ragnfrid hakuwahi kumshukuru mtu, si mume, si Borghild. Siku hiyo ndiyo akainama akasema, "Asante."

Gudveig, mvalishaji wake, alimshika mkono. "Umesema nini, bibi? Tema mate chini, upesi."

"Niondolee ushamba wako."

Alicheza vizuri ajabu. Kila neno lilimfikia kwa wakati. Magazeti yakamsifu, naye, kama kawaida yake, akayaamini.

Lakini lile jini lililomnong'oneza shimoni halikubaki kazini. Lilimfuata nyumbani na harufu yake ya sufu, likakaa nyuma ya jiko, likahamia chini ya meza, na kila alipotaka kuomba mkate au kumsalimu jirani ulimi ulilala mdomoni mpaka pumzi baridi impitie sikioni na kumpa la kusema.

"Linanipa maneno, Gudveig," alinong'ona. "Lisiponipa sina."

"Ya kwako uliwahi kuwa nayo lini? Nenda kaburini ukamwombe radhi yule mama."

"Mimi? Nimwombe radhi mkumbushaji?"

Basi akangoja sherehe yake ya kutimiza miaka arobaini ya uigizaji. Meya kaketi mbele, maua yamejaa, yeye kavaa hariri. Kilichobaki ni kushukuru. Akafungua mdomo, na shimo likanyamaza, likaendelea kunyamaza huku watu wakikohoa na jasho likimchimbia mifereji kwenye poda, mpaka akapiga magoti, akaingiza kichwa shimoni na kusihi, "Nipe neno, hata moja tu," na watu wakadhani anawainamia, wakapiga makofi.

"Njoo ulichukue," ikajibu sauti, na Gudveig akaisikia.

Yakaingia mabega, ikaingia hariri yote. Gudveig alipochungulia, alikuta kigoda kitupu.

Siku hizi hatuajiri mkumbushaji, na hakuna anayesahau maneno. Shimo linanuka poda na krimu. Kabla pazia halijafunguliwa tunasikia, "Tvi, tvi," kwa ile sauti ya kujidai, kisha inangoja ishukuriwe, inangoja kama mbwa mlangoni. Sisi tunarekebisha kola zetu na kuingia jukwaani.