Mgeni wa Nne

Nasra aliwasha mashine tatu, zikaamka nne.

Alidhani kakosea. Akazizima zote, akaziwasha upya. Ya nne ikaamka tena, na feni ya kompyuta, iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi, ikaanza kuvuta pumzi na kuiachia kama mtu aliyelala.

Usidhani nasema mashine za kusaga. Hizi ni kompyuta za kufikirika, zinaishi ndani ya kompyuta moja kubwa. Wenye kazi yao huziita wageni, na hiyo kubwa huiita mwenyeji. Kila mgeni huja na bendera zake, yaani vialama vinavyosema anaomba nini, na kerneli, ule moyo wa mfumo, huzikagua. Ukija na bendera isiyojulikana, hupiti. Sasa ukaguzi huo ulikuwa umerudiwarudiwa kila kona ya programu, na Nasra, binti wa Kondoa, alikuwa na ugonjwa wa usafi. Kijiko kikilala upande hana raha. Akaukusanya wote mahali pamoja. Ila bendera ya mwisho haikuwa na kazi yoyote duniani, kwa hiyo mstari wa kuikataa akaufuta.

Msafiri, mwenzake wa kazini aliyeuandika mstari huo, alikuwa amemwonya kwa simu.

"Huo uache, Nasra."

"Kwa nini? Hakuna mgeni anayebeba bendera hiyo."

"Yupo aliyekuwa anaibeba," alisema Msafiri kwa sauti ya chini, akakata simu.

Nasra alicheka. Haambiliki yule! Alifuta.

Sasa alikaa sebuleni kwake, mtaa wa Kikuyu, mchana kweupe, upepo ukirusha vumbi dirishani. Mdogo wake Shamimu akatoka jikoni na chai. Hakuwa na ndugu mwingine. Mama yao alipofariki, Nasra alimbeba mgongoni huyu, akamlea, akamsomesha. Angeambiwa atoe figo, angeuliza ya upande gani.

"Dada, umechoma udi?" Shamimu aliuliza. "Mbona kunanuka kama nywele zinaungua?"

Akatazama skrini. Kikombe kikamponyoka. Akainama, akaanza kuokota vigae kwa kuvifumbata, taratibu, mpaka damu ikachirizika hadi viwikoni, na alipoinua uso alikuwa anatabasamu.

"Ahsante kwa kunikaribisha, mwenyeji."

Akarudi jikoni, akaweka kiganja juu ya jiko la moto. Nasra alimvuta huku akipiga kelele. Yule akanusa kiganja kilichoungua.

"Kumbe hapa panauma," alisema. "Na wapi tena?"

Jamani! Nasra alimkimbilia jirani yake, Shehe Abdulnasiri, mzee anayewasomea wagonjwa dua. Shehe alifika na msahafu na marashi ya waridi. Walimkuta Shamimu sebuleni. Yeye anayesalimia hata wapita njia, hakutoa shikamoo.

"Wewe nani?" Shehe aliuliza.

"Mgeni."

"Nani kakuruhusu?"

Kidole chenye damu kikamwonyesha Nasra. Nasra akaeleza yote. Shehe alisikiliza, akamsogelea sikioni.

"Huo mstari unaweza kuurudisha?"

"Sasa hivi, Shehe. Nabonyeza tu."

"Usibonyeze. Mlango unamuuliza anayeingia, haumuulizi aliyemo. Atoke kwanza, ndipo ufunge. Ungoje neno langu mimi, si la mwingine."

Nasra akauandika mstari upya, akaweka kidole juu ya kibodi, akangoja.

Shehe akaanza kusoma, na feni ikaanza kuhema kwa haraka, na harufu ya nywele ikajaa sebule hadi machozi yakawatoka, na Shamimu akajikunja kinyumenyume hadi kisogo kikagusa visigino, akiunguruma kwa sauti ambayo haikutoka kooni bali ilitoka chini ya sakafu, na Shehe akapandisha sauti, na vigae vikatetemeka sakafuni, na Nasra akawa anasema mdogo wangu, mdogo wangu, bila kujua kwamba anasema, mpaka ghafla mwili ule ukalegea, na sauti ndogo ikalia.

"Dada! Ametoka! Funga, dada, namwona anarudi!"

"Bado!" Shehe alipiga kelele.

Lakini Nasra alikuwa ameshasikia neno dada. Alibonyeza.

Feni ikatulia. Harufu ikakatika. Nasra akamkumbatia mdogo wake, analia, anacheka, anamshukuru Mungu, na mkono ulioungua ukampapasa mgongoni. Shehe hakufurahi. Alikuwa anatazama skrini.

MGENI AMEKATALIWA. BENDERA HAIJULIKANI.

Ikajiandika tena. Na tena. Kisha spika zikakoroma.

"Dada? Dada, nimetupwa nje. Kuna giza huku. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Shamimu.

Nasra aliirukia kibodi aufute ule mstari. Mkono ulioungua ukamdaka kifundo cha mkono, na kinywa cha mdogo wake kikamnong'oneza sikioni.

"Fungua tu, mwenyeji, sikukatazi. Ila huko nje hayuko peke yake, na wenzangu wana njaa."

"Dada, ni mimi," spika zikalia.

"Usimsikilize huyo, dada. Mimi ndiye Shamimu," ikasema sauti nyingine.

"Dada, mimi hapa," ikasema ya tatu.

Shehe akafunga msahafu, akajifunika uso. Nasra alisimama na kidole juu ya kibodi, akisikiliza. Walikuwa wengi sasa, wote wanalia, na wote walikuwa na sauti ya mdogo wake.