Wito wa Zumari Uliokatwa Mkia

Wapigaji wote wawili walikuwa wameshateremsha saksafoni zao, mmoja anajifuta jasho na mwengine anatafuta maji, lakini mstari wa sauti kwenye kompyuta ya Shamima ulikuwa bado unapanda na kushuka.

"Nani anapuliza?" akauliza kwenye maiki yake.

Ndani ya chumba, Mwalimu Heriel na Vuai wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anapuliza. Shamima akalaumu waya, na yeyote angelaumu waya, maana studio yake ile ya Madungu, hapa Chake, Pemba, ni chumba cha nyumba ya marehemu baba yake alichokibandika magodoro na trei za mayai ukutani, na umeme wa kwetu nao ndio huo unaoujua. Akachomoa, akachomeka. Mstari ukatulia.

Hawa wawili ukiwasikia utajiuliza nani aliyewakutanisha. Heriel ni Mpare wa Same, mwalimu wa hesabu, kajifunza saksafoni kwenye bendi ya kanisa: kila noti mahali pake, safi, imepigwa pasi. Vuai ni fundi wa mafriji, mtoto wa mpiga zumari wa Pujini aliyekuwa akipuliza kwenye ngoma za kupunga pepo. Saksafoni yake inalia, inapinda, inalalamika, tena haikatiki, kwani kwao ndivyo wanavyofundishana: unavuta pumzi kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma. Vuai humwita mwenzake rula, na mwenzake humwita kamba mbichi. Walipendana lakini. Mmoja akikosekana studio, mwengine siku hiyo hana raha.

Siku ile walikuwa wanarekodi jazi yao juu ya wimbo wa zamani wa zumari, ule ambao baba yake Vuai aliutumia kumwita jini apande kichwani kwa mgonjwa aseme shida yake. Una sehemu mbili, kuita na kuaga. Asubuhi Heriel aliusikiliza wote, akajikuna kidevu.

"Kule kuita kuzuri mno, kaka. Ila mwisho unavuta sana, wimbo unalala. Tukate mkia, tubaki na kuita. Shamima ataizungusha hiyo sehemu kwenye kompyuta."

"Yakhe, huo haukatwi. Mgeni ukishamwita sharti umuage."

"Vuai, hii ni jazi, si uganga."

Vuai akaona haya. Alichelea asije akaonekana mshamba mbele ya mwalimu, basi akakubali. Baba yake angekuwa hai, wallahi angemzaba kibao.

Shamima akakata. Tangu hapo kwenye hedifoni ikawa ni kuita tu, kunajirudia na kujirudia, na wao wanapuliza juu yake mpaka alasiri ikaingia.

"Pananukia udi," Shamima akasema. "Nani kafukiza?"

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magodoro na mlango ulikuwa umefungwa.

"Mara ya mwisho, halafu tuondoke," akasema Heriel.

Akapiga zamu yake, akamwachia Vuai. Vuai akapuliza vitamu mno hata mwalimu akafumba macho. Alipoyafumbua, ule udi ulikuwa mzito mpaka unawasha kooni, na Vuai alikuwa bado anapuliza, mwalimu akampa ishara akome naye hakukoma, akadhani ni ile pumzi yao ya Pujini, lakini akamtazama vizuri akaona mashavu yamelala bapa, pua haichezi, kifua kimetulia tuli na hakiingizi wala hakitoi, na sauti ile inaendelea kutoka, inaita, inaita, huku machozi yanamchuruzika Vuai na damu inamtoka kwenye midomo, na Shamima akazima kompyuta, akang'oa waya wote ukutani, na sauti isikatike.

"Vuai! Basi!" Heriel akaishika ile saksafoni aivute. Ilikuwa ya baridi kama nyama ya friji. Midomo haikubanduka.

"Muite mama yake," akanong'ona. "Haraka, dada. Huyu anakufa."

Bi Mwanapili, mama yake Vuai, anakaa jirani. Alikuja miguu mitupu, kanga imemponyoka kichwani. Alimtazama mwanawe aliyekuwa kijani-kijani usoni, akameza kilio, akamsalimu kwanza yule asiyeonekana.

"Assalamu alaykum, mgeni wetu. Nani kakwita akakuacha mlangoni?"

Kidole cha Vuai kikaacha kitufe cha saksafoni, kikamnyooshea Heriel.

"Weye ndo ulosema ukatwe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi weye ndo wa kumuaga. Mie nikiuimba hatonisikia. Piga!"

"Siujui! Nimeusikia asubuhi tu, sijauandika."

"Ntoto wangu hana pumzi, mwalimu! Piga!"

Heriel akamtaja Yesu chinichini, akaweka saksafoni mdomoni. Alianza kwa kupima, noti kwa noti, kama kawaida yake, na kila alipokosea Vuai alijikunja kama aliyepigwa fimbo tumboni. Akaona hivi anamuua. Akaacha kupima. Akaufuata wimbo kama alivyomsikia rafiki yake akiupiga, akaupinda, akauburura, akalia nao, akijua kwamba kama ataukatisha tena hakuna wa kumrudisha Vuai, na mapafu yakimwaka moto akaufikisha mwisho wake wote, mpaka ile saksafoni nyengine ikanyamaza, ikadondoka sakafuni.

Vuai akavuta pumzi kwa mkoromo. Shamima akapiga kelele za furaha.

Lakini Vuai alipofungua mdomo, maneno hayakuwa yake. Sauti ya mwanamke, ya taratibu, ilitoka humo.

"Nimeagwa. Mpiga zumari alokuwa akiniita kila mwaka kafa. Mwakani nani ataniita?"

"Asijibu ntu!" Bi Mwanapili akafoka. "Mwacheni ende zake!"

"Kama hapana wa kuniita," ile sauti ikasema, "mie sina haja ya kutoka." Na kifua cha Vuai kikaanza kutulia tena.

Heriel alikiona kinavyotulia. "Mimi," akasema. "Nitakuita mimi. Muache ndugu yangu."

Ile sauti ikacheka kidogo. Ikamshukuru kwa Kipare kilichonyooka, ikimtaja kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna mtu kisiwani anayelijua. Kisha Vuai akalegea mapajani kwa mama yake, akikohoa, akiita, "Mama, maji."

Adhana ya magharibi ikaanza. Shamima akakimbilia maji. Bi Mwanapili akambusu mwanawe kipajini, na sasa ndipo alipoanza kulia.

"Walia nini, mama?" akauliza Heriel. "Si amekubali kutoka?"

"Kakubali kutoka kwa Vuai, baba. Hajasema anakwenda wapi."

Heriel akafungua mdomo amjibu, na ile sauti ya mwanamke ikamtangulia kutoka kinywani mwake.