Jodari Mmoja, Posa Mbili

"Dada, hii bushi yenu ina kasoro. Kila nikiipiga randa inatoka unga mtupu."

Aliyesema hayo alikuwa binti wa mjini, viatu vyeupe, nywele zimekatwa usawa wa kidevu. Natsue alikuwa peke yake kwenye kaunta ya duka la kiwanda, anajaza vipakiti vya chakula cha paka kwa yale makombo yanayobaki bushi, vile vipande vya jodari vilivyokaushwa kwa moshi, zikishanyolewa. Mwenye kiwanda, Mama Fusae, alikuwa ametoka tangu asubuhi kwenda hekaluni kwenye kumbukumbu ya marehemu mumewe. Mji mzima wa Makurazaki unanuka moshi wa jodari, lakini huyu mgeni alinukia sabuni.

"Sasa huo unga unaufanyia nini?" Natsue akamuuliza.

"Nampa paka. Kanenepa mpaka dirishani hapandi tena. Mimi mwenyewe sijaonja hata supu moja."

Natsue akacheka. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikata jodari katika kiwanda kile, na hakuna aliyewahi kuleta lalamiko la unga ambaye hakufanya kosa lile lile.

"Haina ubaya wowote, mdogo wangu. Unainyoa kinyume. Ina upande wa kichwa na upande wa mkia, na ukikosea inakukomoa. Lete nikuoneshe."

Kitambaa cha zambarau kikafunguliwa, na ndani yake kipande cha jodari kilichokauka kikawa gogo. Kilikuwa jike, yaani kipande cha tumbo, na kilikuwa kimeliwa na randa karibu theluthi. Natsue akakigeuza, akakisukuma mara tatu juu ya sanduku la randa. Maranda yakatoka mapana, membamba, ya rangi ya waridi. Mgeni akafurahi kama mtoto, kisha akainama na kumwomba kwa sauti ya chini asimwambie Mama Fusae.

"Aibu ya nini? Wateja wengi hawajui."

"Mimi si mteja, dada. Mimi ni mkwe wake mtarajiwa. Hii ni bushi ya posa."

Natsue alidhani amesikia vibaya. Mama Fusae ana mtoto mmoja tu, Kosaku. Na mchumba wa Kosaku, kwa miaka miwili na miezi mitatu sasa, ni yeye Natsue.

Akaitazama tena ile bushi. Penye mkia palikuwa na tundu dogo, la ncha ya mwanzi, na tundu lile alilitoboa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwao posa haiendi mikono mitupu. Inakwenda na jozi ya bushi, dume la mgongoni na jike la tumboni, za samaki mmoja, zinazolaliana kama mtu na mkewe. Natsue alipochumbiwa, Mama Fusae alichagua jodari mkubwa kuliko wote bandarini, akamwambia Natsue akate posa yake mwenyewe kwa kuwa hakuna mkono mzuri kama wake. Jodari mkubwa hutoa vipande vinne, jozi mbili. Natsue akavitoboa vyote vinne ili visije kuchanganyika na vingine, akavipiga moshi, akavianika juani, akavilea miezi sita na ule ukungu unaoota juu yake na kuvikomaza kama anayelea mgonjwa. Jozi moja ikaletwa kwao kwa heshima zote. Alipouliza ya pili iko wapi, Mama Fusae alimjibu kuwa imepelekwa madhabahuni, kuwaombea heri. Siku hiyo Natsue alilia kwa furaha. Mjinga yule.

Akamuuliza mgeni jina. Rikako. Alikuwa anauza katika duka la vyakula vya wanyama huko Kagoshima mjini, na Kosaku ndiye aliyekuwa akileta vipakiti vya paka kila Alhamisi. Mama Fusae mwenyewe alikwenda kwa wazazi wake na posa, akanywa chai, akasifu bustani. Harusi ni tarehe tisa Novemba na ukumbi wa hoteli umeshashikwa. Alikatazwa kuja Makurazaki mapema kwa sababu nyumba inakarabatiwa, lakini leo alijiiba.

Kilichomchoma Natsue kuliko vyote ni ile tarehe. Yake yeye ilikuwa imesogezwa mara tatu. Kwanza msimu wa samaki, kisha paa la banda la moshi, na mwaka huu wangoje mpaka wale wakataji wawili wapya waijue kazi. Na nani anawafundisha? Yeye mwenyewe, kwa moyo mmoja.

"Na wewe dada, umeolewa?"

"Nimechumbiwa."

"Na nani?"

"Na Kosaku."

Rikako alitabasamu kwanza, akingoja mzaha uishe. Haukuisha. Akachukua simu yake, akapiga, akaiweka kaunta ili sauti isikike kwa wote wawili.

"Kosaku, uko wapi mpenzi?"

"Kazini. Vipi, umenikumbuka?"

"Nakuuliza kitu. Hapo kiwandani kwenu kuna mwanamke anaitwa Natsue?"

Ukasikika mlango wa gari ukifungwa.

"Yupo. Mkataji wetu. Mtu mzima huyo, yuko na sisi siku nyingi. Kwa nini?"

"Basi tu. Ni nani yako?"

"Nimekwambia, mkataji. Rikako, umeanza lini wivu wa wafanyakazi?"

Natsue alikuwa na miaka thelathini na minne. Kosaku ana thelathini na sita. Mtu mzima. Simu ile ikakatwa, na papo hapo ya Natsue ikalia mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa huyo huyo:

"Natsue wangu, leo nitachelewa. Samaki wa kesho ni wengi, anza nao. Nakutegemea wewe tu."

Akausoma kwa sauti, mpaka neno la mwisho. Rikako aliusikiliza ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Halafu akatoka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na dume lililobaki kwenye boksi lake.

"Chukua zote mbili," akasema. "Sitaki kitu chake nyumbani kwangu. Wewe ungejuaje, kama nisingekuwa mjinga wa kunyoa bushi?"

"Nisingejua. Ningekata samaki mpaka nizeeke."

Walitazamana, wanawake wawili ambao mtu mmoja aliwachezea shere kwa samaki mmoja, na hakuna aliyeweza kumchukia mwenzake. Rikako alilia njia nzima kuelekea kwenye gari. Natsue hakulia. Alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe, akaenda kwao, akarudi na mfuko giza likiwa limeshaingia.

Mama Fusae alikuwa amesharudi, ameketi sebuleni na nguo yake nyeusi ya hekaluni. Kosaku naye alikuwa ameingia, anavua soksi. Natsue akapiga magoti mkekani kama adabu inavyotaka, akasema Rikako amekuja dukani.

Kosaku akabaki na soksi moja mkononi. Mama yake ndiye aliyejibu.

"Kaa vizuri, mwanangu. Haya mambo yanazungumzika."

"Nazungumza na Kosaku, mama. Kosaku, uliniposa kwa nini?"

"Natsue, usilikuze jambo."

"Uliniposa kwa nini?"

Akamtazama mama yake. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, anaomba ruhusa ya kujibu.

"Kina Hamazoe walikuwa wanakuita kwao," hatimaye akasema. "Mama aliogopa utahamia. Bila wewe tungefunga."

Natsue aliikumbuka ile wiki. Kiwanda cha Hamazoe kilimtumia mtu Jumatatu, na Ijumaa yake Kosaku akamchukua ufukweni, akamshika mkono, akamwambia hawezi kuishi bila yeye. Maneno yalikuwa ya kweli kumbe. Yeye ndiye aliyeyaelewa vibaya.

"Hakuna aliyekuonea," Mama Fusae akaendelea, sauti yake laini ile ile ya kila siku. "Wewe ni mikono ya nyumba hii. Nilikula na wewe meza moja, nikakuita mwanangu. Wale wawili wakishakuwa wazoefu, tungekueleza taratibu. Yule binti anaweza kuzaa, anaweza kukaa dukani na wateja wa mjini. Kila mtu na nafasi yake."

"Kosaku, na wewe ndivyo ulivyoona?"

"Mimi nilikuwa naona vibaya kukuumiza," akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza."

Natsue akavuta pumzi, akasema posa imekwisha, anaondoka leo. Hapo ule ulaini ukamtoka Mama Fusae.

"Sisi hatujavunja kitu. Jozi yako unayo. Ukiondoka, wewe ndiye umevunja, na desturi unaijua. Akivunja mwanamume, anakipoteza alichotoa. Akivunja mwanamke, anarudisha mara mbili. Utazitoa wapi jozi mbili za namna ile? Utazikata wapi, kama si kwenye kiwanda changu? Nenda kapumzike. Kesho kuna samaki."

Natsue akafungua mfuko.

Akalitoa dume la kwanza na jike lake, akavilaza mkekani. Akatoa dume la pili, akaliweka mgongo kwa mgongo na mwenzake. Mwisho akalitoa lile jike lililonyolewa, akalisukuma mpaka likakaa mahali pake. Vipande vinne vikakutana, kichwani na mkiani, na pale katikati ya sebule akalala jodari mzima aliyekosa mifupa, na matundu manne ya mwanzi penye mkia.

"Mara mbili," Natsue akasema. "Hapo tumboni amepungua. Mkwe wako alikuwa hajui kunyoa, kamlisha paka."

Kosaku hakunyanyua macho. Mama Fusae alinyoosha mkono kuelekea lile jike la pili, akaurudisha kabla haujagusa. Natsue akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akawashukuru kwa miaka kumi na mmoja, maana ndivyo alivyolelewa, akaingia bandani kuchukua kisu chake, akaondoka.

Siku mbili simu yake haikulia. Alijiambia ni afadhali. Lakini uongo haufai hapa: kila alipokwenda kuoga aliiacha karibu na mlango, na sauti akaipandisha mpaka mwisho. Alikuwa ameshaandaa maneno makali ya kumkatalia Kosaku. Alitaka tu aombwe msamaha, hata mara moja, ili ajue kwamba katika ile miaka miwili palikuwa na siku moja, hata nusu siku, aliyopendwa yeye.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa anavaa kwenda kuanza kazi kwa kina Hamazoe. Simu ikalia. Kosaku. Akaiacha ilie mara nne ili asionekane alikuwa anaingoja.

"Natsue."

"Nakusikia."

"Sijui nianzie wapi." Akakohoa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za maji na ndoo. Natsue alijikuta ameshika kifua.

"Anza popote, Kosaku."

"Lile jiwe jembamba la kunolea, uliliweka wapi? Hawa wawili wanachana nyama hovyo, na samaki wameingia tani tatu."

Natsue akafumba macho.

"Rafu ya chini," akamwambia. "Nyuma ya ndoo ya bluu."

"Ngoja." Zikasikika hatua, ndoo ikavutwa. "Nimeliona. Asante sana."

Akakata. Natsue akaketi kwenye kizingiti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalia mpaka akachelewa kazi.