Moshi Uliotumwa Mbali

Kwetu siku huanza na karasha. Jogoo hata hajamaliza kuwika, mashine ile ya kusaga mawe imeshaanza kunguruma huko mwaloni, mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. Mama huamka akishika kiuno. Mimi natoa majivu jikoni, nawasha moto, nachota maji kwenye pipa linalokinga mvua ya bati. Kisha shule. Nikirudi, nawafuata ng'ombe malishoni mpaka jioni. Naitwa Wegesa, msichana wa darasa la sita, na nikisema nimechoka watu wazima hucheka, eti mtoto hachoki. Wacha wacheke. Nachoka.

Baba ni fundi mwashi. Mwaka huo alikuwa anajenga huko Morotonga, upande wa Serengeti, na alirudi mara mojamoja. Nyumbani tulibaki mama, mimi na baba mdogo Heche. Baba mdogo alichimba mawe, mama aliosha mchanga wake. Dhahabu ya kwetu ni chembe ndogo kama unga, huwezi kuishika kwa vidole. Kwa hiyo mama alimimina zebaki kwenye karai, ile ambayo wachimbaji huiita mekyuri, akakanda kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu mpaka linabaki donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa motoni. Zebaki hupaa hewani, dhahabu hubaki.

Kazi hiyo ya kuchoma ilifanyika jikoni, mlango umefungwa. Usidhani ni ujinga. Ukichoma uwanjani, kijiji kizima kitajua umepata, na ukishapata, kila mtu anakumbuka kuwa wewe ni ndugu yake. Basi mama aliinama juu ya jiko la mkaa kwenye chumba kilekile tulichopikia ugali.

Tena mama alikuwa mjamzito. Mwaka uliotangulia alijifungua mtoto ambaye hakulia, akazikwa kabla ya kupewa jina. Tangu hapo kila mama alipoegemea ukuta, mimi nilishtuka. Na miezi hiyo aliegemea ukuta sana. Mikono yake ilianza kutetemeka. Akimimina chai, nusu inaingia kikombeni, nusu inabaki mezani.

"Mdomo wangu una ladha ya chuma," aliniambia asubuhi moja. "Na usingizi umenikataa kabisa."

Nilimsindikiza zahanati. Nesi Abonyo alimpima, akasikiliza tumbo, halafu akaitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Mama Wegesa, dhahabu yako unachomea wapi?"

Mama aliinamisha kichwa. "Jikoni."

"Na madirisha?"

"Tunafunga."

Nesi aliweka kalamu chini. Alimwandikia mama aende hospitali ya wilaya kwa vipimo, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mvuke wa zebaki hauonekani, hata harufu hauna. Unaingia kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, na damu yako ndiyo inayomlisha huyu aliye tumboni. Akili yake inaumbwa sasa hivi. Usiishike tena zebaki, na isichomwe tena ndani ya nyumba."

"Yule wa mwaka jana," mama aliuliza taratibu, "aliuawa na hiyo?"

"Sijui, dada yangu. Siwezi kukudanganya kwamba najua. Ninachojua ni kwamba haikumsaidia."

Tulirudi nyumbani polepole. Mama alipumzika njiani mara nyingi, na mimi nilisimama naye, nikiwa na hofu ambayo sikujua niiweke wapi.

Baba mdogo Heche si mtu mbaya. Alipoambiwa, alikuna kichwa, akachukua lile jiko la mkaa siku hiyohiyo akalipeleka juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu, kwenye mwamba ambako hakai mtu.

"Shemeji, sasa tulia," alimwambia mama. "Nitachomea huko nikitoka kazini. Upepo utaubeba uupeleke mbali. Umewahi kuona moshi unarudi jikoni kuomba chakula?"

Mama alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Mimi ndiye ninayewarudisha ng'ombe jioni, na kila mfugaji wa kwetu anajua tabia ya jioni. Mchana upepo unapanda kilima. Jua likishaegemea, hewa inapoa na kuanza kuteremka bondeni. Ndiyo maana tukiwasha samadi kavu zizini kufukuza inzi, moshi wake haupandi juu. Unatambaa chini, unaingia kwenye nyumba za watu wa bondeni, na wao wanatutukana.

"Baba mdogo," nilisema, "jioni moshi unateremka."

"Wegesa, unanifundisha upepo mimi? Nimechunga ng'ombe kabla mama yako hajaolewa hapa."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini kalete maji."

Nikaenda kuleta maji. Ukiwa mtoto, hoja yako humalizwa na ndoo.

Lakini jambo lenyewe halikunitoka. Kila jioni baba mdogo alipanda kilima baada ya kazi, na kila jioni mama alikaa uwanjani akichambua mboga, akiamini yuko salama. Mikono iliendelea kutetemeka. Mwishowe nilimwomba mama ruhusa ya kuwasha samadi kwenye ule mwamba, saa zilezile za baba mdogo, siku ambayo hakuwa na kitu cha kuchoma. Mama alinitazama, akaona sitanii.

"Washa," alisema. "Chunga nyasi tu zisishike moto."

Nilibeba samadi kavu kwenye gunia, nikafyeka nyasi kuzunguka mwamba, nikawasha. Mwanzoni moshi ulisimama kama haujui uende wapi. Halafu ukainama. Ukateremka ubavuni mwa kilima, ukafuata njia ya ng'ombe, ukafika kwetu. Ulizunguka nyumba, ukatanda juu ya bati, ukalala juu ya pipa la maji. Nilizima moto nikashuka mbio.

Nilimkuta mama uwanjani anakohoa, khanga mdomoni. Baba mdogo alikuwa ndio kwanza ameingia, ana sururu begani.

"Nani anachoma takataka hapa?" aliuliza, macho yanamtoka machozi.

"Ni mimi," nikasema. "Nimewasha juu, kwenye mwamba wako."

Alitazama kilima. Akatazama bati, akatazama pipa. Nilisubiri anigombeze, lakini aliitua sururu chini.

"Keti, Heche," mama alimwambia. "Huu tunauona kwa sababu ni samadi. Wa kwako tumeuvuta siku zote hizi bila kuuona. Na mvua ikinyesha, unaoshwa kwenye bati tunaunywa."

Jioni hiyo tulimwaga maji yote ya pipa kwenye shimo mbali na bustani. Kuanzia hapo nilichota maji kwenye chemchemi ya mbali. Shingo iliniuma wiki nzima, na sikumlaumu mtu.

Siku ya kliniki, baba mdogo alikuja nasi. Alimwamkia nesi shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza mpango wake mpya. "Nimeona kosa langu. Sasa nitakwenda mbali kabisa, kwenye mapori ya kuelekea Serengeti. Huko hakuna nyumba, hakuna pipa."

Nesi Abonyo ni Mjaluo, lakini akitaka kumtania Mkurya humwita mura, yaani kijana.

"Mura, keti nikueleze. Mvuke wa zebaki ni mwepesi kusafiri. Mwingine unaanguka karibu, kama ulioangukia bati lenu. Mwingine unapanda juu na kukaa hewani miezi mingi, hata kufika mwaka. Unavuka ziwa, unavuka nchi, unavuka bahari. Halafu unashuka na mvua na vumbi, popote. Ukifika majini, vijidudu vinaugeuza kuwa sumu kali zaidi. Samaki mdogo anaila, samaki mkubwa anamla mdogo, mtu anamla mkubwa. Kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye barafu, kuna watu ambao hawajawahi kuchimba dhahabu. Zebaki imo kwenye samaki wao, na wajawazito wao wanaonywa kama ninavyomwonya shemeji yako."

Baba mdogo alivua kofia yake. "Nesi, sina nia mbaya. Lakini hao watu wa barafu wananihusu nini? Mimi nina watu wangu wa kulisha."

"Na kuna mtu mahali fulani, hakujui wewe wala huyu mama, anachoma vya kwake na kusema hivyohivyo. Mvua ya kwetu inashuka na zebaki yake."

Baba mdogo alimtazama mama, aliyekuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya tumbo.

"Basi nifanye nini?" aliuliza. "Nihamehame na jiko mpaka lini?"

Hapo ndipo nesi alipomweleza kuhusu kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana. Juu yake hutoka bomba linalopita kwenye maji baridi. Mvuke ukifika hapo hupoa, na zebaki hudondoka tena kwenye chombo badala ya kupaa. Fundi wa kuchomelea vyuma, Tarime mjini, alikuwa anavitengeneza. Baba mdogo na wenzake wa mwaloni walikiagiza kimoja kwa ushirika. Walikitumia mahali pamoja, nje, mbali na nyumba na maji. Siku ya kwanza baba mdogo aliitazama zebaki ikirudi tone kwa tone, akatikisa kichwa. "Kumbe miaka yote nilikuwa nainunua ili niitupe," alisema.

Mama hakurudi mwaloni. Alilima mihogo, akauza sokoni, na maisha yakawa magumu kidogo kuliko zamani. Mikono ilitulia polepole, si kwa siku moja. Mvua kubwa zilipoanza, alijifungua mtoto wa kike. Mimi nilikuwa nje ya mlango wa zahanati na baba mdogo, tumekaa. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti nene, akaendelea kulia, na baba mdogo akafunika uso kwa kofia yake akalia naye.

Walimwita Nyangwine. Nesi Abonyo alipotukabidhi mtoto, alinishika bega mbele ya wote.

"Wegesa, baba yako mdogo alimpenda mama yako, ndiyo maana aliupeleka moshi mbali. Lakini upendo unaoishia mlangoni pako hautoshi. Kila kitu unachokitupa kina mtu wa kukipokea. Kama si mtoto wa kwenu, ni mtoto wa mwenzako, na yeye pia ana dada anayesubiri nje ya mlango."